Pete ya Koo la Tanuri

Mama mkwe wangu wa kwanza alikuwa na kidole cha shahada kilichopinda. Kilipinda kwa ndani, kwa sababu tangu utoto wake alikuwa akilainisha midomo ya vyungu kwa kidole hicho. Na kwa hicho hicho alininyooshea mbele ya wanawake wa kijiji akasema, "Mchafu ni huyu." Nimeolewa tena baada ya hapo, nimezaa, nimezeeka, na watu wananiambia mambo ya kale niyaache yapite. Ni rahisi kusema hivyo kama kidole hakikuelekezwa kwako.

Tulikuwa tunaishi kijiji cha ujamaa upande wa Ziwani. Tulihamishiwa pale tukakuta viwanja vimepimwa kwa kamba, nyumba zijengwe kwa mistari. Mikorosho yetu tuliiacha nyuma, na shimo letu la udongo tuliliacha nyuma vilevile, bondeni, mwendo wa kutoka jasho. Mwenyekiti alituambia kila tutakachokihitaji kitapatikana kijiji kipya. Udongo wa kufinyangia haukuisikia ile hotuba, ukabaki kule kule. Basi sisi wafinyanzi tukawa tunaufuata na matenga yetu kichwani, mama mkwe mbele, sisi wake za watu nyuma yake.

Mume wangu alikuwa na kazi kiwanda cha korosho, Mtwara mjini. Msinione naringa, lakini siku zile kuwa mke wa mtu wa kiwanda lilikuwa jambo. Sabuni ilikuwa hadithi, sukari ilikuwa ya foleni, wembe mmoja unanyoa ukoo mzima. Na mtu wa kiwanda alirudi nyumbani na kipande cha mche wa sabuni mfukoni. Lori la kiwanda lilipita barabarani alfajiri kuwazoa wafanyakazi. Mume wangu alikuwa mtu wa tanuri, na alipenda kuisimulia kazi yake. Miezi ya kwanza ya ndoa alikuwa akichukua kijiti, ananichorea uani, mimi huku nachambua mchicha.

Maganda ya korosho ndiyo yaliyokuwa kuni. Yakichomwa tanurini yanatoa hewa ya moto kali sana, na hewa ile inapita kwenye bomba kubwa kwenda chumba cha kukaangia. Lakini moto haupelekwi ovyo, unapimwa. Mahali bomba linapotoka tanurini ndipo wenyewe walipopaita koo, na ndani ya koo kuliwekwa pete ya udongo mweupe wa ng'ambo, nene kama kiganja, yenye tundu katikati. Ukubwa wa lile tundu ndio unaoamua hewa kiasi gani ipite. Chuma hakikufaa, kingepinda. Mbele ya pete na nyuma yake kulitoka vijibomba viwili vyembamba, vinakwenda kwenye kioo chenye maji mekundu, na maji yale yakipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, mtu wa tanuri anajua moto uko sawa au umezidi. Tundu likiliwa likapanuka, moto unazidi, korosho zinatoka na mashavu meusi, na korosho yenye shavu jeusi mzungu hanunui.

Kisha akanieleza sharti kubwa la ile pete. Pete mpya haipewi moto wote kwa mara moja. Inapashwa kwanza na moto mdogo wa maganda machache, tangu asubuhi mpaka jua la utosi, ndipo gurudumu la kufungulia hewa linazungushwa polepole. Nilimcheka. Nilimwambia, "Kwani hilo nalo ni elimu ya kiwanda? Hata chungu kipya cha mboga hakibandikwi jikoni kikaachiwa ndimi za moto." Akacheka na yeye. Tulikuwa tunapatana, sitasema uongo.

Pete nyeupe zikaja zikaisha. Nyingine zilitakiwa ziagizwe ng'ambo, na fedha za kigeni hazikuwapo. Siku moja fundi mkuu wa kiwanda akaja kijijini. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, msomi, mpole wa sauti, kila sentensi anaanza na "ndugu zangu". Alikuja na kipande cha pete kwenye gunia, akasimama mbele ya mkutano akasema ndugu zangu, taifa linajitegemea, kwa nini tusubiri meli ilete udongo wakati udongo tunaukalia. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe hakupiga makofi. Alikiomba kile kipande, akakinusa, akakigonga kwa kucha, akakitia jino. Halafu akasema, "Tutafinyanga."

Hapa lazima niwaeleze mila yetu, la sivyo mtaona watu wale walikuwa wendawazimu. Kwetu udongo una miiko. Mwanamke aliye katika siku zake hashuki shimoni. Vyombo vikikaribia kuchomwa, mfinyanzi analala peke yake na mumewe analala peke yake, na ole wake atakayetoka nje ya ndoa yake wakati vyombo havijaiva. Chungu kikipasuka motoni, hakisemwi chungu, anatafutwa mtu. Kuna mtu kavunja mwiko, na ufa ule ndio ushahidi. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini hivyo. Nilipokuwa mwali nimewahi kushuhudia mwanamke anatolewa uani kwa sababu mtungi wake umetoa ufa, na nilizomea na wenzangu.

Tulizifinyanga zile pete kama tunavyofinyanga majiko. Tuliponda vigae vya vyungu vya zamani, tukavichekecha, tukavichanganya na udongo ili uvumilie moto. Fundi mkuu alituachia kipande cha mti kilichochongwa, eti tundu liwe sawa na kile. Wenzangu wakatoboa tundu sawa na mti. Wakasahau kwamba udongo ukikauka unajikunja, na ukiiva unajikunja tena. Mimi nilikuwa nafinyanga majiko ya kupika, na jiko usipoliachia nafasi, sufuria haiingii. Basi nikaongeza kidogo. Kila mmoja alitia alama yake. Yangu ilikuwa michirizi ya ukucha wa dole gumba. Tulipozichoma kwa magome na vifuu zikatoka nzima, zinalia vizuri ukizigonga. Lakini kiwandani, walipozijaribu kwenye koo, zilizokaa ni zangu tu. Za wenzangu zilikuwa ndogo, ama zilipwaya kooni, ama tundu halikufaa. Zikawekwa stoo.

Sifa ikanipanda kichwani, sikatai. Nilitembea kijijini shingo juu. Mama mkwe aliyenifundisha kukanda udongo, pete zake ziko stoo na za kwangu ziko kooni, na mdomo wangu sikuufunga. Nilisema siku moja kisimani kwamba wazee wapumzike sasa. Maneno ya kisimani yanafika nyumbani kabla ya ndoo.

Pete ya kwanza ikapasuka. Mume wangu alirudi, akavua viatu, akasema, "Imepasuka." Basi. Ya pili ikapasuka. Mama mkwe akaniita nyuma ya nyumba akaniuliza kuhusu siku zangu, nilikuwa safi au sikuwa safi nilipokanda. Nilimwambia nilikuwa safi. Akaniuliza tena, neno kwa neno, utadhani sikujibu.

Siku ya pete ya tatu mimi ndiye niliyemwamsha mume wangu, na hakuamka. Alikuwa mtu wa usingizi, na lori la alfajiri lilimwacha. Aliondoka na baiskeli jua limeshatoka, mikate ya muhogo mkononi. Mchana, kabla wanaume hawajarudi kuswali adhuhuri, habari imeshafika kijijini kwa mtu wa lori: pete ya tatu imepasuka. Nikasimama na mchi mkononi nikapiga hesabu. Mtu kafika kiwandani jua liko juu. Pete imepasuka kabla ya adhuhuri. Ameipasha moto saa ngapi?

Alasiri aliporudi nilimtengea chakula, nikamwacha ameze tonge la kwanza. Nikamuuliza.

"Fundi anataka korosho," alisema. "Wageni wa mkoa wanakuja kuangalia kiwanda kinavyojitegemea. Kila dakika yuko mgongoni kwangu."

"Sikukuuliza habari za fundi. Uliipasha?"

Alitafuna muda mrefu chakula kisichohitaji kutafunwa. "Sikuipasha," akasema. "Hii wala zile mbili. Nilimwambia fundi nimepasha tangu alfajiri. Nimeshasema, sasa nitasemaje tena? Wakijua nimedanganya, kazi sina."

Nikashukuru. Nilishukuru kwa sababu nilijua basi, mambo yamekwisha. Mama yake akisikia neno hilo moja, kelele za uchafu zinakufa. Nikamwambia, "Kwa fundi usiseme. Mwambie mama yako tu. Mwambie: sikuipasha. Neno moja, mume wangu."

"Mama akijua, kijiji kimejua. Kijiji kikijua, lori limejua." Akanawa mikono. "Nitasema. Niache nitafute nafasi."

Alikuwa na nafasi jioni nzima. Mama yake alikuwa amekaa ng'ambo ya ukuta wa makuti anachambua mbaazi, na sisi tunamsikia akikohoa.

Mnaniuliza kwa nini sikusema mwenyewe. Nilisema. Kesho yake mama mkwe alipowakusanya wafinyanzi uani na kuvimwaga vipande vya pete chini, michirizi ya ukucha wangu inaonekana juu ya kila kigae, nilisimama nikasema waziwazi: pete haikupashwa moto, muulizeni aliyeiweka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Wanawake wote wakageuka kumtazama. Akasema, "Mimi kazi yangu naifanya kama nilivyofundishwa." Halafu akaingia ndani.

Mama mkwe akanizaba kibao. Akasema, "Mwanamke mchafu hakosi wa kumtupia uchafu wake. Leo umempata mwanangu." Ndipo akanyoosha kile kidole. Mmoja akauliza mbona pete za wenzangu hazikupasuka. Nikamjibu hazikupasuka kwa sababu hazijaona moto, ziko stoo zimelala. Walicheka. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wakaanza kunitafutia mwanaume. Mmoja akamtaja dereva wa lori, mwingine akamtaja mwalimu wa kisomo cha watu wazima aliyenifundisha kuandika hili jina langu. Masikini mwalimu wa watu, alikuwa na kifua kikuu, hata kibao cha kuandikia alikuwa anabebewa.

Walitoboa vipande vile wakavitunga kwenye kamba ya mnazi wakanivalisha shingoni. Nilitembezwa kutoka kijijini mpaka shimoni, ili niurudishe uchafu kwa udongo, wao nyuma wananiimbia nyimbo za unyago, zile zinazoimbwa ndani, wakaziimba barabarani wanaume wanasikia. Vipande vina kona kali. Vilinikata hapa juu ya kifua, na alama ziko mpaka leo, wajukuu wangu huniuliza ni ugonjwa gani. Tulipofika shimoni mama mkwe alinivua ile kamba kwa mikono yake, taratibu kabisa, akanipangusa damu kwa ncha ya kanga yake. Nilidhani ananionea huruma. Kumbe damu haitakiwi kudondoka kwenye udongo.

Pale shimoni ndipo hasira ilipoyashinda machozi. Niliwaambia, "Nipeni udongo. Nitafinyanga pete mbele ya macho yenu. Nilazeni mnapotaka, nifungeni mkitaka. Nitaichoma mkitazama. Halafu twendeni kiwandani wote, ifunguliwe moto mkitazama. Ikipasuka, nikanyageni." Ni mila ya kweli hiyo, mshitakiwa ana haki ya chombo kimoja. Hawakuweza kuninyima. Mama mkwe akasema sawa, koo la tanuri ndilo litakaloamua.

Nilipomweleza mume wangu, uso wake ulibadilika rangi. Mimi nilikuwa nimefurahi. Nilimwambia sasa huna haja ya kusema kitu. Ipashe tu. Ipashe kama ulivyofundishwa, pete isimame, mimi niwe safi, na neno lako libaki tumboni mwako mpaka kaburini, sitakudai. Aliitikia kwa kichwa. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa na akili ya udongo, ya watu sikuwa nayo. Yeye ndiye aliyefikiri: pete yangu ikipashwa ikasimama, fundi mkuu atauliza zile tatu zilikuwaje.

Nililazwa chumba cha mama mkwe, juu ya mkeka karibu na kitanda chake. Alinichungulia nikikoga. Alinifuata mpaka chooni. Nikafinyanga pete ile nikiwa nimezungukwa, hakuna anayenisemesha, nikaikausha kivulini, nikaichoma. Ilitoka nyekundu, haina hata unywele wa ufa. Nilipoigonga ilitoa mlio mrefu na wanawake wakatazamana. Mama mkwe aliichukua akaigonga mwenyewe, akasikiliza mpaka mlio ukaisha. Alikuwa fundi; alijua ameshika kitu gani.

Siku ya kuijaribu tulipanda lori la kiwanda, mimi, mama mkwe na wanawake wanne, kanga zimefungwa vizuri kama tunakwenda harusini. Mume wangu alikuwa ametangulia na lori la alfajiri pamoja na pete. Safari hii alikuwa ameamka bila kuamshwa. Tulifika jua likielekea utosini. Ndani mlikuwa na joto na moshi wa maganda unaouma macho, na mafuta ya korosho yameng'ang'ania kila ukuta. Fundi mkuu alitukaribisha, ndugu zangu karibuni, akatuonyesha kioo chenye maji mekundu. Maji yalikuwa yamelala sawasawa pande zote mbili. Mume wangu alisimama kwenye gurudumu, mgongo kwetu.

"Inapashwa tangu asubuhi, sivyo?" fundi akauliza.

"Ndiyo, mzee. Tangu alfajiri."

Mimi nilikuwa karibu na bomba pale kooni. Bomba lililopashwa tangu alfajiri huwezi kulisogelea, uso unaungua. Nikanyoosha mkono nikaweka kiganja kizima. Lilikuwa baridi kabisa. Tanuri linanguruma upande wa pili wa kizuizi kinachofunguliwa na gurudumu, moto wote umekusanywa unangoja, na pete yangu imekaa kooni baridi, haijapata hata moshi.

Nikasema, "Halijapashwa. Mama, gusa."

Fundi akasema dada toka hapo, ni hatari. Lakini mama mkwe alikuwa ameshasogea. Alinyoosha kile kidole kilichopinda akaligusa bomba. Hakukiondoa haraka kama mtu aliyeungua. Alikiacha pale. Akamtazama mwanawe mgongoni, akanitazama mimi usoni, na mimi nikamwona anaelewa. Nawaambia nilimwona. Moyo wangu uliruka kwa furaha.

Akakirudisha kidole ndani ya kanga. Akasema, "Fungua, mwanangu."

Mume wangu akageuza shingo akamtazama mama yake, halafu akalizungusha lile gurudumu. Hakulizungusha polepole. Alilizungusha kwa mikono miwili, mpaka mwisho. Maji mekundu yakaruka kwenye kioo, na kutoka ndani ya bomba ukatoka mlio mmoja mkavu, wa chombo kuvunjika. Wanawake wanne wakaguna kwa pamoja. Fundi mkuu akasikitika kwa kichwa, akasema basi ndugu zangu, udongo wa hapa haufai, tutasubiri meli.

Nilipewa talaka alasiri ile ile, uani, zote tatu kwa pumzi moja, mama mkwe amesimama kando ameshika bakuli la maji ya kunyunyizia nilipokanyaga. Nilipofungasha vitu vyangu walinikataza kuchukua ubao wangu wa kufinyangia. Nilirudi kwa mama yangu Kilambo, karibu na mto, nikakaa mwaka mzima bila kushika udongo, mpaka mama yangu akaniletea bonge moja la udongo mlangoni akaliacha hapo. Niliposhika nikalia, halafu nikafinyanga jiko.

Meli ikaja na pete nyeupe. Watu wa kiwanda walinisimulia, bila kujua wananisimulia nini, kwamba yule bwana wa tanuri alikuwa hodari sana; pete hizo alizipasha tangu alfajiri, akakaa nazo kama mtu anayeuguza mtoto, wala haikupasuka hata moja. Za ng'ambo hazikuwa na mke wa kusingiziwa.

Baadaye kiwanda kilifungwa, mashine zikaota kutu, na bwana wa tanuri akarudi kulima muhogo. Watu wa vijiji nao wakatawanyika, wengi wakarudi kwenye mikorosho yao ya zamani. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto, nauza majiko mnadani. Nikaletewa salamu kwamba mama mkwe wangu wa zamani anaumwa, roho haitoki, ananitaja. Nilikwenda. Msiniulize kwa nini. Huenda nilitaka kuona.

Alikuwa amekonda, amebaki macho na vile vidole. Aliufumbata mkono wangu. Mwanawe alikuwa amekaa kizingitini, nywele zote nyeupe, hakuniangalia.

"Lile bomba lilikuwa baridi," alisema.

"Najua, mama. Tuliligusa wote."

"Ningefanyaje? Wewe ungepata mume mwingine. Yeye asingepata kazi nyingine." Akapumzika. "Nipe radhi, mwanangu. Nimechoka."

Nilimwambia nitampa. Nilimwambia nitampa saa hiyo hiyo, kwa moyo mweupe, mwanawe akitamka neno moja mbele ya watu wawili watatu wa kijiji, wale waliobaki. Neno lenyewe analijua. Mama mkwe akageuza uso kuelekea kizingitini akamtazama mwanawe kwa muda, halafu akaurudisha kwangu.

"Ataaibika," akasema.

Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wake. Ilinibidi nivifungue vidole kimoja kimoja, na kile kilichopinda ndicho kilichokuwa kigumu. Nikamwambia, "Basi kaa nalo, mama." Nikaenda zangu.

Alifariki Ijumaa iliyofuata. Nilikwenda pia mazishini, nikakaa na wanawake uani. Jeneza lilipotolewa, mwanawe akasimama mbele yake kama ilivyo ada, akasema: kama kuna mtu aliyekosewa na marehemu katika maisha yake amsamehe, na kama kuna mtu anamdai ajitokeze sasa, yeye mtoto wake atalibeba deni. Kwa kawaida mtu hasemi kitu hapo, watu huitikia tu kwamba wamesamehe. Nikasimama.

"Mimi namdai," nikasema. "Na wewe unajua ninachodai."

Watu wakageuka. Shehe akakunja uso. Mume wangu wa zamani alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya gurudumu. Akalitazama jeneza. Jua lilikuwa linapanda na wabebaji walikuwa wameshainama kulishika.

"Sikuipasha," alisema. Akainua sauti kidogo. "Sikuipasha moto. Hata moja."

Nikangoja. Nilikuwa nimelingoja neno lile ujana wangu wote, na sasa lilikuwa limetoka, hadharani, kwa sauti ya kusikika. Nikatazama nyuso moja baada ya nyingine. Wale wanawake wanne wa lori wote walikuwa chini ya udongo. Fundi mkuu alikuwa amesharudi kwao bara zamani. Waliobaki walikuwa wake wa watoto, wajukuu, majirani waliohamia juzi.

Mwanamke kijana aliyekaa pembeni yangu akamwinamia mwenzake. "Hakupasha nini?"

"Labda ndoo ya maji ya kuoshea maiti," mwenzake akasema.

"Ah. Basi hilo si kubwa," akasema yule wa kwanza, na wanaume wakalinyanyua jeneza wakaondoka.